Nani Aliyeunyoosha Wakati?

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kusikiliza habari za kitu ambacho hakuna aliyewahi kukishika mkononi: nawashukuru.

Swali nililopewa ni fupi. Je, wakati ni mstari? Lakini walionialika hawakuishia hapo, wameliongezea mkia wenye mwiba. Ikiwa nadharia ya Einstein inaruhusu vitanzi vya wakati, yaani njia ambazo msafiri anaweza kuzifuata akisonga mbele tu, mbele tu, hadi ajikute kwenye jana yake mwenyewe, tunapata wapi ujasiri wa kuendelea kuchora mstari ubaoni?

Jibu langu nalitoa sasa hivi, ili atakayesinzia asiondoke mikono mitupu. Nadhani wakati tunaoishi ndani yake umenyooka. Sidhani kwamba ulilazimika kunyooka. Kunyooka kwake ni hali, si sheria. Kumetokana na jinsi maada ilivyojipanga katika ulimwengu huu, na ingeweza kujipanga vingine bila kuvunja hata mmoja wa milinganyo ya Einstein, yaani hesabu za nadharia yake ya graviti, ile nguvu ya uvutano. Kama ipo sheria inayokataza vitanzi, bado hakuna aliyeithibitisha. Tunaishuku tu.

Tunaposema wakati ni mstari huwa tunasema mambo mawili kwa pumzi moja. Tunasema kwamba mstari ni mmoja kwa wote: sasa yangu ndiyo sasa yako, na ndiyo sasa ya nyota ya mbali kabisa. Tena tunasema kwamba juu ya mstari huo mambo hufuatana bila kurudi, lililotangulia halitakuja kuwa la baadaye. Vitanzi vinatishia hili la pili. Lile la kwanza lilikwisha kufa, na nitalizika haraka.

Mwaka 1905 Einstein alionyesha kwamba watu wawili wanaokwenda kwa mwendo tofauti hawatakubaliana ni matukio gani ya mbali yanayotokea sasa hivi. Nadharia yake ya graviti, aliyoikamilisha mwaka 1915, ikaongeza kwamba graviti nayo huchelewesha saa. Kwa miaka mingi hayo yalibaki mambo ya wenye chaki. Kisha, Oktoba 1971, Joseph Hafele na Richard Keating walipanda ndege za kawaida za abiria wakiwa na saa nne za atomi, wakaizunguka dunia kwa kuelekea mashariki, halafu kwa kuelekea magharibi. Katika safari ya mashariki saa zilirudi zimepoteza takriban nanosekunde 59 zikilinganishwa na zilizobaki ardhini. Katika safari ya magharibi zilirudi zimezidi kwa takriban nanosekunde 273. Nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kwa hiyo hakuna aliyeshuka uwanja wa ndege akiwa kijana zaidi ya mwanawe. Hata hivyo simu iliyo mfukoni mwako haiwezi kulidharau jambo hili. Saa za setilaiti za GPS, zinazoijulisha simu mahali ilipo, hutangulia za ardhini kwa maikrosekunde kama 38 kila siku, muda ambao nuru hukata zaidi ya kilomita 11, na wahandisi hulazimika kuzirekebisha.

Kwa hiyo mstari mmoja wa wote haupo. Kila mtu, kila chombo, kila chembe ina njia yake na saa yake. Wawili wakiachana na kukutana tena, saa zao zinaweza kutofautiana na zote mbili zikawa sahihi. Na bado dunia haikuvurugika. Kwa nini?

Hapa ndipo anapoingia Hermann Minkowski, aliyekuwa amemfundisha Einstein hisabati. Mwaka 1908, katika hotuba aliyoitoa mjini Köln, alisema kwamba nafasi peke yake na wakati peke yake vitafifia viwe vivuli tu, na kitakachobaki ni muungano wa hivyo viwili. Nitauita anga-wakati. Ndani ya anga-wakati kila tukio lina koni mbili. Moja inakusanya kila mahali ambapo nuru itokayo kwenye tukio hilo inaweza kufika: hiyo ndiyo kesho yake. Nyingine inakusanya kila mahali ambapo nuru ingeweza kutoka ikalifikia: hiyo ndiyo jana yake. Nje ya koni hizo watu wanaweza kubishana nini kilitangulia nini, na ubishi wao hauna madhara, kwa sababu hakuna kinachoweza kutoka tukio moja kwenda jingine bila kuishinda nuru mbio. Ndani ya koni hakuna ubishi. Aliyerusha jiwe alirusha kabla kioo hakijavunjika, na hakuna msafiri popote, kwa mwendo wowote, atakayeona kinyume.

Mpangilio ukaokoka, basi. Lakini angalieni uliokolewa na nini. Katika nadharia ya 1905 koni zote zinasimama sambamba, kama zilizopangwa na fundi mmoja. Mwaka 1915 fundi anaondoka. Graviti, kwa Einstein, ni kule kupinda kwa anga-wakati kwenyewe, na anga-wakati ikipinda, koni huinama. Karibu na shimo jeusi, mahali penye graviti kali kiasi kwamba hata nuru haitoki, zinainamia ndani. Karibu na kitu kinachozunguka kwa kasi zinainamia upande wa mzunguko. Milinganyo inasema ziiname kiasi gani pale zilipo, kulingana na maada iliyopo jirani. Haisemi neno juu ya safari nzima. Na hapo ndipo panapofunguka mwanya: panga koni katika duara, kila moja imeinama kidogo zaidi ya kawaida, na inawezekana kesho ya ile ya mwisho ikamwagikia kwenye jana ya ile ya kwanza.

Msafiri anayepita humo hajavunja chochote. Hakuishinda nuru. Saa yake haikurudi nyuma hata kidogo. Kila hatua aliyopiga ilikuwa mbele. Jumla ya hatua zake ndiyo iliyompeleka jana.

Naomba kutumia karatasi hii, kwa sababu maneno pekee hapa hayatoshi. Nachora mistari kutoka chini kwenda juu. Chini ni jana, juu ni kesho. Yeyote aliye juu ya karatasi anapanda tu. Sasa naikunja karatasi iwe bomba, ukingo wa juu ugusane na wa chini, nagundisha. Mistari haikupinda popote. Ukiweka kioo cha kukuzia juu ya sehemu yoyote, utaona karatasi bapa na mistari iliyonyooka, kama mwanzo. Lakini sasa anayepanda anarudi alipoanzia. Swali la "hapa pamenyooka?" na swali la "chote kimenyooka?" yamekuwa maswali mawili yasiyojuana, na sisi tangu tuzaliwe tumekuwa tukijibu la pili kwa ushahidi wa la kwanza.

Karatasi yangu ina udanganyifu mmoja, na wenye macho makali wameshauona. Nimegundisha kwa mkono. Hakuna aliyenilazimisha, na mtu anaweza kuibandua karatasi, akasema kitanzi kilikuwa mchezo wa gundi. Kazi kubwa ya Kurt Gödel ilikuwa kupata kitanzi kisicho na gundi.

Gödel alikuwa mwanamantiki, aliyekwisha kuutikisa msingi wa hisabati mwaka 1931. Huko Princeton yeye na Einstein walikuwa na desturi ya kutembea pamoja kutoka kazini kwenda nyumbani. Einstein alipotimiza miaka 70, mwaka 1949, zawadi ya Gödel ilikuwa jibu jipya la milinganyo ya Einstein mwenyewe: ulimwengu mzima ambao maada yake yote inazunguka, huku mzunguko huo ukisawazishwa na ile namba ambayo Einstein aliwahi kuiingiza katika milinganyo yake kisha akaijutia. Katika ulimwengu huo hakuna mahali pa pekee wala gundi. Kutoka popote, wakati wowote, ukienda mbali vya kutosha kwa kasi ya kutosha katika duara kubwa, unarudi kabla hujaondoka.

Gödel hakuacha hesabu hewani. Akakokotoa hata mafuta ya chombo. Kasi inayotakiwa ni angalau asilimia 71 hivi ya kasi ya nuru. Tuseme unataka kumaliza safari ndani ya miaka 100 ya saa yako, na tuseme una uwezo wa kugeuza maada yote kuwa nishati bila kupoteza hata chembe, jambo ambalo hakuna injini iliyowahi kulikaribia. Kwa msongamano wa maada kama uliokadiriwa wakati wake, mafuta utakayobeba yangezidi uzito wa chombo chako mara bilioni ya bilioni. Mtu wa vitendo angesema basi, imekwisha. Gödel hakusema hivyo, na nadhani alikuwa na haki. Uhaba wa mafuta ni shida ya msafiri. Haugeuzi umbo la njia.

Einstein alijibu kwa heshima. Alikiri kwamba jambo hilo lilimsumbua tangu alipokuwa anaijenga nadharia yake, na akasema itafaa kupima kama majibu ya namna hiyo hayastahili kutupwa kwa sababu za kifizikia. Ni jibu la mtu ambaye hajapata sababu hizo.

Kisha Gödel akapiga hatua ambayo wengi huiruka wanaposimulia kisa hiki. Alijua kuwa ulimwengu wake si huu wetu. Wetu unapanuka, kama vipimo vya Edwin Hubble vya mwaka 1929 vilivyoonyesha, na wake haupanuki. Mnururisho uliobaki kutoka mwanzo wa ulimwengu, uliogunduliwa mwaka 1965, unatufikia ukiwa sawa mno kutoka kila upande kiasi kwamba mzunguko wa jumla, kama upo, lazima uwe mdogo ajabu. Lakini Gödel alishasema mapema kwamba tofauti hiyo ya ulimwengu haimsumbui. Katika ulimwengu wake hakuna wakati unaopita kwa wote, maana huwezi kuukata katika tabaka za jana, leo na kesho. Watu wa huko wangeweza kuhisi wakati unapita vile vile kama sisi tunavyohisi. Kinachotutenga nao ni mpangilio wa maada tu, sheria ni zile zile. Sasa, akauliza, kitu kizito kama kupita kwa wakati kitategemeaje bahati ya mpangilio? Akahitimisha kwamba hata kwetu wakati haupiti. Ni jinsi tunavyoona.

Nakwenda naye nusu ya njia. Kwamba kunyooka kunategemea mpangilio, nakubali, na nadhani ndilo jambo kubwa alilotuachia. Kwamba kinachotegemea mpangilio si halisi, sikubali hata kidogo. Kupanuka kwa ulimwengu nako kunategemea mpangilio. Milinganyo ile ile inaruhusu ulimwengu unaosinyaa. Hakuna mtu anayesema kwa hiyo magalaksi hayaachani kweli. Wakati wetu unaweza kuwa umenyooka kweli kweli, na kunyooka huko kukawa habari ya ulimwengu huu badala ya amri juu ya kila ulimwengu. Gödel alidai ulazima au hakuna kitu. Wanamantiki wana hulka hiyo.

Sitakaa sana kwenye vitanzi vingine vilivyopatikana kwenye milinganyo. Mholanzi Willem van Stockum alishachapisha mwaka 1937 hesabu ya bomba la vumbi linalozunguka lenye vitanzi ndani yake, ingawa yeye mwenyewe hakulionyesha hilo. Aliuawa mwaka 1944 akiwa rubani wa ndege za mabomu. Bomba lake lina urefu usio na mwisho, na vitu vya urefu huo havipatikani. Hesabu ya Roy Kerr ya mwaka 1963 juu ya shimo jeusi linalozunguka nayo ina vitanzi, ila vimejificha ndani kabisa, mahali ambapo tuna sababu nzuri za kutoiamini hesabu yenyewe.

Cha kukaa nacho ni tundu la mnyoo, yaani njia ya mkato inayounganisha sehemu mbili za anga-wakati, kwa sababu hapo tu ndipo mtu anaanza na ulimwengu ulionyooka na kujaribu kuupinda kwa mikono yake. Mwaka 1985 mwanafizikia Kip Thorne aliombwa na rafiki yake aliyekuwa akiandika riwaya amtafutie njia ya kusafiri kati ya nyota ambayo wanafizikia hawataicheka. Miaka mitatu baadaye Thorne na wanafunzi wake Michael Morris na Ulvi Yurtsever walichapisha jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Tuseme lipo tundu lenye midomo miwili, ukiingia huku unatokea kule papo hapo. Mdomo mmoja uache nyumbani. Wa pili upeleke safari kwa kasi inayokaribia ya nuru, kisha urudishe. Nje imepita miaka 10. Kwa mdomo uliosafiri umepita mwaka 1, kama saa za Hafele na Keating, ila kwa kiasi kikubwa. Lakini ukichungulia ndani ya tundu, saa mbili zilizofungwa kwenye midomo zinakwenda pamoja daima, kwa kuwa ndani hakuna aliyesafiri. Ingia basi kwenye mdomo uliorudi, ambao saa yake inasoma mwaka 1. Utatokea kwenye mdomo wa nyumbani wakati saa yake nayo inasoma mwaka 1. Umerudi nyuma miaka 9.

Zingatieni mpaka wa mashine hii: haikupeleki kabla ya safari ya mdomo kuanza. Jana ambayo mashine haikuwepo imefungwa. Tena tundu lenyewe litafumba papo hapo lisipotegemezwa kwa nishati hasi, kitu ambacho fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo kama atomi, inakikubali kwa vipimo vidogo mno, kama katika athari aliyoitabiri Hendrik Casimir mwaka 1948 kati ya sahani mbili za chuma. Kutoka hapo hadi tundu la kupitisha mtu ni mbali sana.

Sasa ile hoja mnayoisubiri. Mtu anarudi, anamuua babu yake kabla hajaoa, kwa hiyo hazaliwi, kwa hiyo harudi, kwa hiyo babu anaishi, kwa hiyo anazaliwa. Mimi siipendi hoja hii. Si kwa sababu ya damu. Ni kwa sababu mwanadamu anatupeleka kwenye ubishi wa hiari na nia, na ubishi huo hauna mwisho. Mwanafizikia Joseph Polchinski aliisafisha. Akamwondoa babu, akaweka mpira wa biliadi. Mpira unabingirika kuelekea mdomo mmoja wa tundu, utatokea mdomo wa pili muda mfupi kabla, na umelengwa hivi kwamba ukitokea utajigonga wenyewe na kujitoa njiani. Ukijigonga, hauingii. Usipoingia, nani aliugonga?

Wanafunzi wa Thorne, Fernando Echeverria na Gunnar Klinkhammer, walikaa na mpira huo. Walichokipata kinapendeza. Mpira unakuja, unakwaruzwa kidogo ubavuni na mpira mwingine uliotokea tunduni, mkwaruzo unaupotosha kidogo, hauutoi njiani, unaingia tunduni kwa pembe tofauti kidogo na iliyolengwa, na kwa sababu ya tofauti hiyo unatokea upande wa pili ukiwa na njia itakayokwaruza badala ya kugonga. Mkwaruzo umejizaa wenyewe, na kila kanuni ya mwendo imetimia. Mkanganyiko hakuna. Mwanafizikia Igor Novikov alikuwa amekwisha kulishika wazo hili kwa ujumla: penye kitanzi, kinachotokea ni kile tu kinacholingana na nafsi yake. Babu haponi kwa muujiza. Hakuna historia ambamo amekufa na mjukuu akaja.

Watu wengi huishia hapo, wakiwa wameridhika. Shida ya kweli iko hatua moja mbele. Echeverria na Klinkhammer hawakupata jibu moja kwa mpira huo. Walipata mengi. Mpira ule ule, uliosukumwa vile vile, una historia zaidi ya moja zinazokubalika, na hakuna kitu katika mwanzo wake kinachoamua itakuwa ipi. Tuliogopa kitanzi kitatuletea historia zisizowezekana, kumbe tatizo lake ni kutuletea historia za kuzidi. Nilivyosoma mimi, hapa ndipo mstari unapovunjika hasa. Thamani ya wakati ulionyooka kwa mwanafizikia ni kwamba ukiijua hali ya leo yote unaweza kuikokotoa kesho. Mahali penye kitanzi, leo yote uliyonayo haikutoshi. Mwaka 1991 mwanafizikia David Deutsch alijaribu kuliponya hili kwa fizikia ya kwanta, akaonyesha kwamba kwa hali yoyote inayoingia kitanzini kuna angalau mwenendo mmoja unaolingana. Lakini naye, kwa jinsi anavyoielewa kwanta, alimlipisha msafiri gharama ya kutokea katika ulimwengu sambamba ambao si ule aliouacha. Hiyo si jana tena.

Na kuna majini. Sicheki, ndivyo Novikov na mwenzake Andrei Lossev walivyoviita mwaka 1992 vitu ambavyo maisha yao yote ni kitanzi. Mzee anarudi nyuma anampa kijana saa ya mkononi. Kijana anaitunza maisha yake yote, anazeeka, anarudi, anampa kijana saa ile ile. Nani aliitengeneza? Hakuna. Iangalieni saa hiyo kwa karibu. Kwa miaka yote anayoitunza mkanda unachakaa, kioo kinapata mikwaruzo. Lakini saa anayoipokea kijana lazima iwe ile ile anayoitoa mzee, mkwaruzo kwa mkwaruzo, kwa sababu ni tukio moja, halikutokea mara mbili. Kwa hiyo mahali fulani njiani lazima uchakavu wote ufutwe, atomi kwa atomi, kwa nishati kutoka nje. Hakuna sheria inayokataza moja kwa moja. Ila mwanafizikia Ludwig Boltzmann alitufundisha kwa nini mambo kama hayo hatuyaoni: hali za vurugu ni nyingi kupita kiasi kuliko hali za mpango, na vitu huelekea penye wingi. Jini hawezi kukatazwa, lakini uwezekano wake ni mdogo hata kuliko ule wa kupata mafuta ya Gödel.

Mtu asichanganye haya na zile imani za kale kwamba mambo hujirudia. Wastoa, wanafalsafa wa Ugiriki ya kale, waliamini ulimwengu utaungua na kuanza upya vile vile, na Henri Poincaré alithibitisha mwaka 1890 kwamba mfumo uliofungiwa, ukiachwa muda mrefu vya kutosha, hurudi karibu kabisa na hali uliyoanzia. Huko ni kujirudia juu ya mstari: mara ya kwanza, mara ya pili, unaweza kuhesabu. Kitanzi hakina mara ya pili.

Nani aliyeunyoosha, basi? Stephen Hawking alijibu mwaka 1992: sheria zenyewe. Dhana yake ya ulinzi wa mfuatano wa wakati inasema kwamba ukikaribia kufunga kitanzi, mitetemo ya kwanta iliyopo hata katika ombwe itaanza kupita njia ile ile tena na tena, ikijilimbikiza juu yake yenyewe, na nishati yake itaivunja mashine kabla haijawaka. Ni hoja nzuri na ina hesabu nyuma yake. Lakini ni dhana. Mwaka 1997 Bernard Kay, Marek Radzikowski na Robert Wald walithibitisha kitu kigumu zaidi na cha unyenyekevu zaidi: kwamba pale kwenye mpaka ambapo vitanzi vinaanzia, zana tulizonazo za kuchanganya kwanta na anga-wakati iliyopinda zinaacha kufanya kazi. Hazisemi ndiyo, hazisemi hapana. Anayetaka jibu anahitaji nadharia ya kwanta ya graviti, nasi hatujaipata nadharia hiyo. Ndiyo maana nimesema tunaishuku sheria. Nikilazimishwa kuweka dau, nitaliweka upande wa Hawking. Siwezi kumwambia mwanafunzi kwamba dau langu ni uthibitisho.

Nimeletewa vikaratasi vya maswali, na muda wa viwili upo.

Kimoja kinauliza: kama ulimwengu wetu wote ungekuwa kitanzi kikubwa, tungejuaje? Kwa kuangalia hapa tulipo tusingejua, kwa sababu niliyoitoa kwa karatasi. Lakini kuna neno la kusema. Kwa miaka bilioni 13.8 tunayoweza kuisoma nyuma yetu, vurugu, ile wanayoiita entropia, imekuwa ikiongezeka. Juu ya kitanzi haiwezi kuongezeka njia nzima, kwa kuwa lazima irudi ilikoanzia. Kungekuwa na sehemu ambayo inapungua. Mtu mmoja ataniuliza kama wakazi wa sehemu hiyo wangeona vioo vilivyovunjika vikijiunga. Wasingeona. Kumbukumbu hufuata entropia. Ubongo huandika upande ule vurugu inakokwenda. Wakazi wa huko wangekumbuka kutoka upande wa pili, na kile sisi tungekiita kesho yao wao wangekiita jana, wakaona vioo vinavunjika kama kawaida.

Kingine kimeandikwa kwa herufi kubwa: KAMA SAFARI ZA JANA ZINAWEZEKANA, WAGENI WAKO WAPI? Hawking aliuliza hivyo hivyo, na akafanya jaribio. Tarehe 28 Juni 2009 aliandaa karamu huko Cambridge kwa ajili ya wasafiri wa wakati, vinywaji vikamiminwa, na mwaliko akautangaza baada ya karamu kwisha, ili aje tu yule anayeweza kurudi nyuma. Hakuja mtu. Ni jaribio la kuchekesha na ninalipenda, ila lina udhaifu mliokwisha kuusikia: mashine ya Thorne haiwezi kukupeleka kabla ya siku ilipotengenezwa. Ukumbi mtupu unatuambia kidogo tu juu ya ulimwengu wa namna ya Gödel, ambamo vitanzi vimekuwepo siku zote. Kuhusu matundu ya mnyoo unatuambia kwamba, mpaka siku ile, hakuna aliyekuwa amelifungua lolote lenye njia ya kufikia Cambridge.